Mrejesho: Nguo za baridi na vidole vilivyokuwa vinakufa ganzi

Ndugu zangu, asanteni. Niliuliza nivae nini kwa matembezi ya mlimani kwenye baridi kali, na nifanyeje vidole vinapokufa ganzi hata nikiwa na glavu nene.

Nguo zimekaa sawa. Ndani fulana nyembamba ya sufu, katikati sweta la flisi (kitambaa laini chenye manyoyamanyoya), juu jaketi la kuzuia upepo. Ya pamba nimeiacha kama mlivyosisitiza: ikilowa jasho haikauki upesi, na ukisimama tu inakugeuka. Aliyeniambia nianze safari nikihisi kibaridi nilimwona mkorofi, lakini mlima ulipoanza kupanda nilikuwa wa kwanza kufungua zipu.

Kwenye glavu ndiko kulikuwa na kazi. Zile nene zilinibana, na kumbe kubana kunazuia damu kufika vidoleni na pia kunaondoa hewa inayotunza joto. Sasa ndani navaa nyembamba za sufu, juu yake zile kubwa ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja na dole gumba peke yake. Vinapashana joto wenyewe. Nikitaka kufunga kamba za viatu navua za juu tu, zinaning'inia kwa uzi kwenye kifundo cha mkono. Ila kufungua chupa ya maji ukiwa nazo ni mtihani!

Imebaki miguu. Soksi mbili zinajaza kiatu hadi kinabana, yaani tatizo lile lile. Natafuta kiatu kipana zaidi.