Mabaki ya mkonge: fedha za utafiti ziende kwenye jua au kwenye biogesi?

Mleta mada
Wakuu, nimekulia kambi ya mkonge mkoani Tanga, jirani kabisa na korona (mashine ya kuchakata, si ule ugonjwa). Katika kila kilo 100 za majani yanayoingia, nyuzi zinazotoka ni kama kilo 4. Kilichobaki ni maji na nyama ya jani, vinaoza bondeni mpaka harufu inakuamsha kabla ya jogoo.

Hoja yangu: sehemu ya fedha za umma zinazopitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, iende kwenye vichocheo vya mwanga. Hizi ni chembe ambazo zikipigwa na jua hupata nguvu ya kukata molekuli za mmea bila tanuri. Mwanga hurusha elektroni, pale ilipotoka panabaki pengo lenye njaa, na pengo hilo huinyang'anya elektroni sukari au lignini (kile kinachoupa mmea ugumu) iliyo karibu. Kazi hii mmeshaiona: ukuta wa nje wenye rangi nyeupe ukikaa juani miaka, ukiuegemea shati linatoka na unga. Titani dioksaidi iliyomo kwenye rangi imesaidiana na jua kuila gundi yake yenyewe. Mwaka 1980 Wajapani wawili, Kawai na Sakata, walionyesha kwamba titani hiyohiyo, ikiongezewa platinamu na rutheni, hutoa haidrojeni, gesi inayofaa kuwa nishati, kwenye sukari, wanga na hata selulosi (nyuzinyuzi za mmea). Jua tunalo, mabaki tunayo. Tunangoja nini?

Fundi Boila
Tunangoja hesabu, mkuu. Titani inatumia mwanga wa urujuanimno tu, ambao ni kama asilimia 5 ya nguvu ya jua linalotufikia. Halafu umewahi kuchota maji ya korona ukayatazama? Mwanga utapenya kina gani humo, kidole kimoja? Utatandaza sinia eneo la uwanja wa mpira ili upate debe. Bakteria wa biogesi wanapiga kazi gizani, usiku, masika yote. Hale, hukuhuku Tanga, walishajenga mtambo wa kilowati 150 unaolishwa mabaki ya mkonge. Fedha zikipatikana, ziende kuongeza ya namna ile.

Binti wa Maabara
Kwenye uchafu wa maji ya korona Fundi umenishinda. Kwenye mwanga, hapana: vipo vichocheo vinavyotumia mwanga huu tunaouona kwa macho. Mwaka 2017 kundi la Erwin Reisner, Cambridge, lilitumia kadmiamu salfaidi na kutoa haidrojeni kwenye mbao na karatasi kwa zaidi ya siku sita, kwa joto la kawaida la chumba. Nilishangilia peke yangu mpaka nilipofika kwenye mchanganyiko wenyewe: potasiamu haidroksaidi moli 10 kwa lita. Hiyo ni zaidi ya nusu kilo ya alkali kali kwenye kila lita! Na kadmiamu inasababisha saratani. Sitaki kuiona karibu na mto wowote wa Tanga.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni lile pengo lenye njaa, maana halijui kushiba. Ukitaka kemikali ya kuuza, mmenyuko lazima usimame katikati. Usiposimama, kila kitu kinaishia hewa ya ukaa, yaani umechoma takataka kwa bei ya platinamu. Utafiti wenyewe uko hapo, katika kujua namna ya kuusimamisha. Unahitaji meza, taa za LED na wanafunzi watatu. Anayeomba fedha za mtambo leo anatuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mpwa wa Dukani
Samahani wataalamu. Mnunuzi wa hiyo kemikali ni nani?

Fundi Boila
Swali la maana kuliko yote humu. Fufurali, kemikali ya mabaki ya mimea, ina wanunuzi: ni kiyeyusho na malighafi ya gundi za viwandani. Quaker Oats ya Marekani iliitengeneza kwa maganda ya nafaka tangu miaka ya 1920, na kiwanda cha Sezela, Afrika Kusini, kimeitoa kwenye makapi ya miwa. Kwa mvuke! Kiwanda cha sukari kiko palepale, malighafi haipandi lori. Hakuna aliyengoja jua lichomoze.

Mleta mada
Sawa, haidrojeni nimeiondoa mezani, na mtambo pia. Ila Fundi, na wewe useme ukweli: bakteria wako wanaiweza lignini?

Fundi Boila
Hawaiwezi. Inabaki kwenye tope.

Mleta mada
Basi tope hilo ndilo nililotaka. Biogesi itangulie kula, iondoe sukari na harufu. Kinachobaki ni kichache, lignini yake imekolea, na hapo dada yetu aanze na taa zake.

Binti wa Maabara
Umerukia mbali. Tope lina chumvi, mchanga na kila kitu cha kuziba kichocheo, na lignini lazima kwanza iyeyushwe ndipo mwanga uifikie. Karibu kila jaribio zuri nililosoma limetumia molekuli safi za dukani. Lakini nakubali kwamba hapo ndipo pa kuanzia. Nitumie ndoo moja.

Mleta mada
Natuma kwa basi la Ijumaa?

Binti wa Maabara
Likaushe kwanza, kaka. Likiwa bichi kondakta atalishusha Segera.