Sikukuu na mlipuko wa ugonjwa: watu wazuiwe kusafiri?

Wakuu, ugonjwa wa kuambukiza umeshazuka nchini na sikukuu iko mlangoni. Serikali izuie safari za ndani au iache? Mimi nasema zuio huja watu wakiwa wameshafika. Tazameni Wuhan, mji wa China ulikoanzia mlipuko wa UVIKO-19 (korona): ulifungwa tarehe 23 Januari 2020, siku 2 kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, na meya mwenyewe akasema watu zaidi ya milioni 5 walikuwa wameshaondoka. Uchambuzi wa baadaye ulikadiria kwamba zuio lile lilichelewesha mlipuko ndani ya China bara kwa siku 3 hadi 5. Basi!

— Mkuu, siku 5 unaziona chache kwa kuwa hujawahi kusubiri kitanda wodini. Halafu mnalisingizia basi la abiria bure. Safari ya saa 6 ina mwisho. Balaa ni kule inakoishia: watu 12 vyumba 3, madirisha yamefungwa, usiku nne mfululizo, na bibi ndiye anayepakatishwa mtoto mwenye kamasi.

— Hapo kwenye nyumba umenishinda, nakiri. Ila askari wa kizuizi cha barabarani atafikaje sebuleni? Marekani waliombwa tarehe 19 Novemba 2020, wakati huohuo wa korona, wasisafiri Thanksgiving (sikukuu yao ya shukrani), wiki moja kabla, tiketi zimeshakatwa. Jumapili ya kurudi walikaguliwa kwenye viwanja vya ndege abiria zaidi ya milioni 1.1, wengi kuliko siku yoyote tangu Machi.

— Samahani kudandia, mnaongea kana kwamba magonjwa yote ni mamoja. Mafua makali huonyesha dalili ndani ya siku 1 hadi 4, kwa hiyo wengine huangukia hukohuko ugenini. Surua huchukua siku 10 hadi 14 hivi. Mtu anaambukizwa likizoni, anarudi mzima kabisa, anaingia kazini, ndipo homa inaanza, na anaambukiza wenzake siku kama 4 kabla ya vipele kutoka. Virusi vyake hubaki hewani hadi saa 2 baada ya yeye kutoka chumbani. Ndivyo surua ilivyokuwa Disneyland, bustani ya burudani ya California, Marekani, Desemba 2014: wageni walitawanyika, wagonjwa wakagundulika Januari. Kizuizi cha barabarani kingemkamata nani pale? Waliokuwa na dozi 2 za chanjo wengi wao walisalimika. Sasa mleta mada, zuio unalolipinga ni la ugonjwa upi?