Choya (rozela), ndimu, ndevu za mahindi: ipi inazuia mawe ya figo yasirudi?

Mkazi wa Ipagala: Habari wakuu. Mgonjwa aliyetoa jiwe la figo, anaishi Dodoma kwenye jua hili, atumie dawa gani ya asili lisirudi? Naomba vipimo kamili, maana kila mtu anataja lake.

Mtaalamu wa Lishe: Mkuu, dawa ya kwanza ni maji. Mkojo ufike lita 2.5 kwa siku, na kwa jasho la huku hiyo ni lita 3 za kunywa au zaidi. Mkojo uwe wa njano iliyofifia. Ukiwa wa njano iliyokolea, ongeza. Anywe glasi moja akienda kulala, kwa sababu usiku ndipo mkojo unapokuwa mzito.

Ndimu na limau zina sitreti, inayoshika kalsiamu ya kwenye mkojo isiungane na oksaleti (kemikali iliyomo kwenye vyakula kama mchicha) na kuwa jiwe. Kamua mililita 120 za juisi ya limau (kama malimau 3 au 4), changanya na lita 2 za maji, anywe kidogokidogo mchana kutwa. Asiweke sukari. Atumie mrija, asidi inakula meno.

Dada wa Nkuhungu: Choya nzuri kama kinywaji, ila haijathibitishwa kuzuia mawe. Inashusha presha, hivyo anayemeza vidonge vya presha amuulize daktari kwanza. Ndevu za mahindi zinaongeza mkojo tu, kazi ambayo maji yanaifanya. Juisi ya birimbi naipinga kabisa: ina oksaleti nyingi mno, na glasi kadhaa zimewahi kufanya figo za watu zishindwe kufanya kazi.

Mpishi wa Area C: Msisahau sufuria. Mchicha uchemshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe, ndipo uungwe. Mchicha wa karanga ni oksaleti juu ya oksaleti, asiule kila siku. Asiache maziwa! Wengi wanayaacha wakiogopa kalsiamu, kumbe mtindi ukiliwa pamoja na mboga unaikamata oksaleti tumboni, inatoka na choo. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ikihesabiwa na ya kwenye dagaa.

Mtaalamu wa Lishe: Naongezea. Jiwe lipelekwe maabara lijulikane aina. Lililotokana na maambukizi ya mkojo halizuiwi na ndimu. Na akipata maumivu ya ubavuni pamoja na homa, au mkojo ukikatika, aende hospitali saa hiyohiyo.