Mwenye Duldung anayefanya kazi Ujerumani: abaki, au arudi kwao kuomba viza?

Mada: Duldung si kibali cha kukaa. Ni karatasi yenye mstari mwekundu wa mshazari, nayo inasema jambo moja tu: kufukuzwa kwako kumeahirishwa. Wengi walio nayo wako jikoni, ghalani na kwenye nyumba za wazee, wanakatwa kodi na michango ya pensheni kila mwezi. Sheria iwape njia ya kubaki, au waondoke waombe viza kama wengine?

Kaskazi: Waondoke. Kuna muuguzi yuko Moshi sasa hivi anasoma Kijerumani na kungoja vyeti vyake vitambuliwe. Kwa haki gani apitwe na mwenye Duldung aliyekataliwa hifadhi? Mwajiri anayemtaka mtu wake aanzishe utaratibu wa haraka, ada yake euro 411. Na anayeondoka mwenyewe ndani ya muda aliopewa hawekewi marufuku ya kuingia tena. Anayefukuzwa huwekewa.

Mizani: Kaskazi, hiyo ni njia ya mwenye cheti. Msafishaji au mfungasha mizigo asiye na taaluma iliyotambuliwa hana viza ya namna hiyo ya kuomba, kwa hiyo kumwambia "rudi uombe" ni kumwambia "rudi" basi. Sheria yenyewe imeliona hilo. Kifungu cha 60d cha Sheria ya Ukaazi, Beschäftigungsduldung, yaani Duldung ya mwenye kazi, kinamtaka awe amefanya kazi miezi 12, angalau saa 20 kwa wiki, amejitegemea muda huo, anazungumza Kijerumani cha msingi, kiwango cha A2, na aliingia nchini kufikia 31 Desemba 2022. Akikubaliwa hupata miezi 30, kisha anaweza kuomba kibali cha kukaa. Kinachonikera ni mambo mawili. Aliyeingia 2023 hana lake hapo hata afanye kazi usiku na mchana. Na lazima awe ameshika Duldung miezi 12 kabla ya kuomba, miezi ambayo anaweza kufukuzwa siku yoyote huku akiwa kazini.

Bi. Rehema: Wanangu, mnagombania mlango na ufunguo hamjautaja: pasipoti. Hapo ndipo maombi mengi yanapokwama. Mtu anaogopa kwamba akileta pasipoti atapandishwa ndege, basi anakaa kimya. Ukimya ndio unaommaliza. Anapewa Duldung ya kifungu cha 60b, ya "utambulisho usiojulikana": haruhusiwi kufanya kazi, na muda wake hauhesabiwi.

Wajibu wa kutafuta pasipoti haukwepeki, ila usiende mikono mitupu. Tayarisha mkataba, hati za mshahara za miezi 12 na cheti cha lugha, uyapeleke maombi ya kubaki pamoja na pasipoti siku moja, kupitia wakili au kituo cha ushauri. Ubalozi ukichelewa, tunza ushahidi: risiti ya ada, barua pepe, tarehe ya miadi, stakabadhi ya posta. Anayetaka Ausbildungsduldung, yaani Duldung ya mafunzo ya ufundi, na aliingia kuanzia 2020 anatakiwa athibitishe utambulisho ndani ya miezi 6 tangu kuingia. Lakini kama ndani ya miezi hiyo alifanya yote yaliyowezekana, muda huhesabiwa kuwa umetimizwa hata pasipoti ikija baadaye. Asiye na karatasi za kuonyesha hayo atashindwa. Na aliyekwisha kupewa 60b asikate tamaa: hatua alizoziacha anaweza kuzifanya wakati wowote, na maandishi yale ya 60b yakaondolewa kwenye Duldung yake.

Nahodha: Kwa kijana, mafunzo ya ufundi ndiyo njia imara kuliko zote. Yawe ya miaka 2 au zaidi. Akimaliza na kuajiriwa katika fani yake, hupata kibali cha miaka 2. Tangu Machi 2024 kipo pia kibali kamili cha mafunzo, kifungu cha 16g, kwa anayejitegemea. Tahadhari moja: faini za mahakama. Kule huhesabiwa kwa kipato cha siku; zikizidi siku 50 kwa makosa ya kawaida, mlango unafungwa, na kupanda treni bila tiketi ni kosa la jinai kule.

Kaskazi: La msafishaji nakubali, Mizani, viza yake haipo. Lakini kila tarehe ikisogezwa mbele, watu watakuja wakingoja tarehe inayofuata. Afadhali viza ya kazi ifunguliwe kwa wasio na vyeti, waombe wakiwa kwao.

Mizani: Ifunguliwe, nami nitashangilia. Aliyeko kazini leo hawezi kuishi kwa sheria ambayo haijaandikwa.

Bi. Rehema: Na wenye Chancen-Aufenthaltsrecht, kibali cha muda cha kuwapa nafasi waliokaa miaka mingi na Duldung, msilale. Maombi mapya yalifungwa mwishoni mwa Desemba 2025, na kibali chenu ni cha miezi 18 kisichoongezwa. Kabla hakijaisha mnahitaji pasipoti, A2, kipato kinachobeba sehemu kubwa ya matumizi yenu, na mtihani wa "Leben in Deutschland": maswali 33, majibu sahihi 15 yanatosha. Msipotimiza mnarudi kwenye Duldung.