Kukata stalagmiti ili kusoma sumaku ya dunia: ni haki au ni uharibifu?

Wakuu, naleta hii mada kwa sababu kila ikisikika mwanasayansi kaingia pangoni na msumeno watu wanawaka papo hapo, na hasira yao naielewa kabisa, stalagmiti ni jiwe la chokaa linaloota kutoka sakafu ya pango pale maji yanapodondoka, na limeota taratibu mno, sentimita 10 tu mara nyingi ni miaka elfu na zaidi, halafu mtu anakuja kulikata siku moja. Pamoja na hayo msimamo wangu ni kwamba likatwe, ila kwa masharti makali.

Sababu ni hii. Maji yanayodondoka pangoni hayaleti chokaa peke yake, yanabeba na chembe ndogo sana za madini ya chuma kutoka kwenye udongo wa juu. Zikitua juu ya stalagmiti zinajipanga kufuata sumaku ya dunia ilivyo wakati huo, chokaa inazifunika, zinabaki hivyohivyo. Tabaka juu ya tabaka. Halafu kuna urani, elementi yenye mionzi inayogeuka polepole kuwa thoriamu, ambayo inayeyuka kwenye maji wakati thoriamu haiyeyuki, kwahiyo tabaka jipya linaanza na urani bila thoriamu ya maana, na kadiri urani inavyogeuka thoriamu ndo unahesabu umri wake, mpaka kama miaka laki tano nyuma.

Faida yake si ya kitabuni tu. Stalagmiti ya pango la Sanxing huko China, utafiti uliotoka 2018, inaonyesha miaka kama 98,000 iliyopita sumaku iligeuka upande, kaskazini ikawa kusini, ndani ya miaka kama 144 hivi. Watu walizoea kufikiria mambo haya yanakwenda kwa maelfu ya miaka! Na sasa hivi sumaku ya dunia imepungua nguvu kama asilimia 9 katika miaka 200, na pale Atlantiki ya Kusini ni dhaifu kiasi kwamba darubini ya angani ya Hubble ikipita juu yake inasitisha kazi maana mionzi inavuruga vifaa. Je hali hiyo ni mpya au ilishawahi kutokea? Mawe ya pango la Pau d'Alho, Brazili, yanayogusa miaka kama 1,500 iliyopita, yanasema udhaifu huo unajirudia. Hakuna aliyekuwa na dira huko enzi hizo akaandika, jiwe ndilo liliandika. Karibuni mpinge.

Mchangiaji wa pili:
Mkuu nakuheshimu lakini hapa sikubali. Mbona kuna njia nyingine? Bonde la mto Limpopo, kusini mwa Afrika, watafiti walipima udongo wa vijiji vya Enzi ya Chuma, sakafu na maghala ya nafaka yaliyochomwa moto, ule udongo ukipoa unashika sumaku ya siku hiyo, wakapata habari ya Atlantiki ya Kusini bila kugusa pango lolote. Kuna lava, kuna matope ya maziwa. Pango likishaharibiwa halirudi, na tukisema huyu apewe kibali kesho wanakuja kumi.

Mleta mada:
Ndugu yangu, Limpopo ni kazi nzuri sana na wewe umeitaja vizuri, ila huo udongo unaanzia pale watu walipoanza kuchoma, kabla ya hapo kimya. Lava inatoka ikijisikia, kati ya mlipuko na mlipuko kuna pengo. Matope ya ziwani wadudu wanayachimbua, sumaku inafungwa muda baada ya tope kutua, tarehe zinayumba. Stalagmiti nzuri inaota mfululizo na tarehe yake unaipata humohumo.

Hapo kwenye kumi kuja kesho nakuunga mkono, na ndo maana nasema masharti. Kwanza yatumike yaliyokwisha kuvunjika yenyewe, yapo mengi. Pili nusu ya jiwe ibaki nchini lilikotoka, kila mtu apate kulipima tena bila kukata lingine. Tatu zitumike hadubini mpya zinazotumia almasi, hizo zinasoma kipande chembamba, zamani ilibidi ukate vipande vikubwa kwa sababu usumaku wa chokaa ni hafifu mno.

Na kitu kinachoniuma zaidi ni kwamba tunabishana kuhusu jiwe moja wakati saruji inatoka kwenye mawe ya chokaa yaleyale yanayozaa mapango, kuanzia Brazili mpaka pwani yetu. Brazili Januari 2022 serikali ilitoa amri ya kulegeza ulinzi ili hata mapango ya thamani ya juu kabisa yaweze kuharibiwa kupisha miradi, jaji wa Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo akaisimamisha sehemu yake mwezi huohuo. Baruti haiachi nusu ya jiwe kwenye kabati la makumbusho.

Kwahiyo nakuuliza wewe unayepinga: ukiletewa ombi la stalagmiti moja iliyodondoka yenyewe, nusu inabaki nchini, data wazi kwa wote, utakataa?

Mchangiaji wa pili:
Iliyodondoka yenyewe sikatai. Iliyosimama bado nakataa, hata kwa masharti yako.