Ninapuliza filimbi mapema mno: nijirekebishe vipi?

Swali
Waamuzi wenzangu, huu ni msimu wangu wa pili nikichezesha soka, na kosa linaloniumiza ni kupuliza filimbi mara tu ninapoona faulo, kisha nagundua kwamba mshambuliaji alikuwa bado na mpira na njia wazi mbele yake. Nijizuie vipi?

Jibu la 1
Sheria ya 5 ya soka, inayomhusu mwamuzi, inakuruhusu kuacha mchezo uendelee iwapo timu iliyochezewa faulo itafaidika na, iwapo faida hiyo haikupatikana ndani ya sekunde chache, kurudi kuadhibu kosa la awali. Mimi nilijizoeza kushika filimbi mkononi badala ya mdomoni, na ule muda mfupi wa kuinua mkono ndio unaonipa nafasi ya kuona mpira umemwendea nani.

Jibu la 2
Naunga mkono, ila faulo inayostahili kadi nyekundu usiiache ipite, isipokuwa kuna nafasi ya wazi ya kufunga bao. Tazama pia unaposimama: ukiwa nyuma ya wachezaji moja kwa moja, huoni nafasi iliyo kati yao, na hapo hata subira haitakusaidia, sogea pembeni.

Muulizaji
Nashukuru sana. Nitaanza na filimbi mkononi katika mechi ijayo.