Kazi za uuguzi wodini zigawiwe kada nyingine?

Zamu ya Usiku: Hoja yangu: mfamasia agawe dawa wodini, mtu wa fiziotherapia awasimamishe na kuwatembeza wagonjwa. Usiku muuguzi akibaki peke yake na wodi nzima, dawa za saa sita zinatolewa saa nane. Mnaonaje?

Mfamasia: Naunga mkono. Dozi na dawa zinazogongana ndiyo kazi yetu. Na tusidanganyane, kuogesha na kugeuza wagonjwa hakuhitaji cheti. Waachiwe wahudumu.

Sista Mkongwe: Hakuhitaji cheti? Umewahi kumwogesha mtu aliyelala wiki mbili, ndugu yangu? Hapo ndipo unapokikamata kidonda kabla hakijachimbika. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Unapapasa juu ya makalio, unasikia pana joto, pamekuwa pagumu. Mhudumu atamfuta, atamfunika, ataondoka.

Mhudumu wa Wodi: Sista, na sisi tunasoma humu. Hilo joto nimeliripoti nikaambiwa niendelee na deki. Macho tunayo, wa kutusikiliza ndiye hayupo.

Mwanafunzi: Turudi kwenye mada jamani. Kuna utafiti wa Linda Aiken, miaka ya 2000 mwanzoni, kwamba muuguzi akizidiwa na wagonjwa vifo vinaongezeka.

Daktari wa Zamu: 2002, wagonjwa wa upasuaji, Marekani. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezeka kwa muuguzi, uwezekano wa kufa ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7. Lakini hapo dawa ni kuajiri wauguzi. Hata mwongozo wa WHO wa 2008 kuhusu kuhamisha majukumu unataka yaende pamoja na kuongeza watumishi wenye ujuzi.

Mfamasia: Dokta, nani kasema wasiajiriwe? Na nyie mbona dripu hamtundiki?

Daktari wa Zamu: Natundika, na mkojo napima. Usinijumlishe na uliowaona wewe.

Zamu ya Usiku: Mada ilikuwa dawa za saa sita...

Mhudumu wa Wodi: Mimi bado sijajibiwa. Nikipapasa nikasikia joto, naandika wapi? Chati siruhusiwi kugusa.

Sista Mkongwe: Zamu yangu ungeandika, mwanangu, na mimi ningesaini chini yako. Lakini kwanza nifike nipapase mwenyewe.

Mfamasia: Na usipofika, kidonda kikachimbika, anaitwa nani kujieleza: aliyeandika au aliyetakiwa kusaini?